Mfuko wa Saruji

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku wazima, kikohozi cha mama yako kimepungua, ila mimi nawaza tu kama unakula.

Unasema wanafunzi wako wanaogopa kuongea Kiingereza, na unataka kuacha ualimu. Mimi Kiingereza sikijui, niliishia la nne. Ila nilipojifunza cherehani hapa Igoma, niliogopa kuharibu vitambaa vya watu. Fundi wangu akanipa mfuko mtupu wa saruji.

"Shona hapo. Haribu mpaka uchoke."

Nikashona. Akacheka: "We binti, hii ni njia ya ng'ombe! Endelea."

Jioni nikaomba kitambaa mimi mwenyewe.

Usiache, mama. Watafutie na wao mfuko wa saruji. Lakini kwanza ule.

Bibi yako