Eti Ni Vumbi

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Upepo tangu asubuhi, mchanga mpaka kwa meno. Niko na hasira, na sijui tena namkasirikia nani.

Kitengela hii watu hawaugui. Wanasumbuliwa na vumbi tu. Mtu akikohoa ni vumbi la simiti, akitema damu ni vumbi la barabara, na hata kwa matanga bado wanaambiana ni vumbi. Marehemu baba alikuwa anavunja mawe kwa machimbo. Alikohoa akisema ni vumbi, na sisi tukaitikia. Tulipomfikisha hospitali, mapafu yalikuwa yameisha.

Kwa hivyo kaka yangu Mutua, ninayeishi naye, alipoanza kukohoa na kuniambia, "Ni vumbi tu, Mwende," nilitamani kumtupia sufuria. Mwanaume mzima anapakia simiti kwa lori, na kichwani pia ni simiti.

Leo watu wa afya walipiga hema kando ya kanisa letu. Wamekuja na eksirei ndogo ya kubebwa kwa begi. Unasimama, unapigwa picha ya kifua, kompyuta inaisoma hapo hapo na kuonyesha kama kuna dalili za TB. Tena bure. Aki baba angepata hiyo mashine! Lakini foleni ya mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, ilikuwa ndefu kuliko ya hema. Werevu wa mtaa wetu walisimama ng'ambo ya barabara wakinong'ona ati inamaliza nguvu za kiume. Upuzi mtupu.

Mutua akakataa kupigwa picha mpaka mimi nitangulie. Mwoga. Nikatangulia, kifua mbele, kama mama anayeonja dawa ndio mtoto akubali.

Picha yake ikatoka safi. Akaambiwa anunue barakoa ya kazi. Eti ni vumbi kweli!

Yangu ndiyo daktari aliyorudia kuitazama.

Nikamcheka. Mimi hata sikohoi sana! Akaniuliza kama nimepungua. Ndio nimepungua, na kazini saluni nzima nimewaringia ati ni kuacha chapati. Jasho la usiku? Kwa hilo nililaumu blanketi. Makohozi yangu yakapimwa kwa mashine nyingine, na jioni simu ikalia. Ni TB.

Nesi kwenye simu akasema imepatikana mapema, inapona kabisa. Vidonge miezi sita, vya kwanza nichukue kesho pale hemani, bila kulazwa, bila sindano. Nilisikia kila neno, lakini nilikuwa namuona baba tu.

Halafu akasema nahitaji mtu wa nyumbani wa kuniangalia nikimeza kila siku. Nyumbani ni mimi na Mutua. Nilimtafuta mtu mwingine kichwani, yeyote yule. Shangazi yuko mbali, Loitokitok. Majirani? Hao wa ng'ambo ya hema? Ng'o.

Nikamwambia Mutua, nikangoja acheke. Matusi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Hakucheka. Alipika chai, akaipoza yangu kwa vikombe viwili vile tulivyofanyiwa tukiwa watoto, akaketi. Macho yalikuwa mekundu.

"Kesho ukimeza ufungue mdomo nione," akasema. "Mimi siziki mwingine."

Anakoroma sasa, mjinga huyo. Kesho atasimama mbele yangu achungulie chini ya ulimi kama daktari wa ng'ombe, na mimi nitafungua mdomo mpaka mwisho.