Kwa Baba, Uliyemnyang'anya Mbori Chatu Wake

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kijaluo ulikimaliza wewe. Kila neno tamu la lugha yetu lilipita kinywani mwako, na siku ulipotumaliza ulitumaliza kwa Kijaluo kizuri mno, hata watu wakapiga makofi. Kiswahili hukukipenda, ulisema ni lugha ya makarani na polisi. Basi leo nisikilize vilevile ulivyokuwa ukimsikiliza karani, kofia mkononi.

Habari za nyumbani kwanza, maana najua zinakuwasha huko uliko. Wanao wanapigana. Hata matanga yako hayajapoa vizuri, Ouma akasema babu yetu Ogola alikuwa na wake wawili, na eti shamba la chemchemi ni la nyumba ya kwanza. Odhiambo naye akazua mbwa. Eti Ogola alikuwa na mbwa, mbwa ndiye aliyegundua chemchemi, na mbwa huyo alikuwa wa nyumba ya pili. Mbwa, Baba! Wamepelekana kwa chifu kwa sababu ya mbwa ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilipoambiwa nilicheka mpaka mume wangu akatoka nje. Umewafundisha vizuri.

Unakumbuka nilivyokuwa nachunga nawe, kabla hao wavulana hawajapata miguu ya kukimbiza ng'ombe? Tulikaa juu kule mlimani, bonde la Lambwe lote chini yetu, nawe unasokota kamba ya katani kwenye paja. Mama alikukataza kunisimulia hadithi mchana, akisema mtoto anayesimuliwa mchana hakui. Ulikuwa unanikonyeza. "Nyara, binti yangu, wewe umeshakua vya kutosha," ulisema, kisha ukaanza.

Ogola alifika na ng'ombe wake, akakuta chemchemi ina chatu anayemeza ndama. Akaogopa. Hukuficha, ulisema babu yetu aliogopa mpaka akapanda juu ya mwamba na wake zake wakamcheka. Ndipo akaja mgeni, Mbori, mtu asiyejulikana ametoka wapi, mwenye mkuki mmoja. Mbori akamtia chatu mkono wa kushoto kinywani ili ammeze taratibu, na kwa mkono wa kulia akamchoma. Chatu akafa na mkono ukaenda naye. Ogola akalia, akamwambia mgeni: kuanzia kwenye maji haya hadi kwenye ukingo ule ni kwako na kwa watoto wako, mpaka jua lichoke.

Ukifika kwenye mkono ulikuwa unauingiza wako ndani ya shati, mkono wa shati unaning'inia mtupu, nami napiga kelele kwa hofu kila mara, ingawa nilijua uko mle ndani. Nilikupenda sana wakati huo. Nasema ukweli, nilikupenda kuliko Mama.

Kule misheni padri alitufundisha habari za Warumi, jinsi mji wao ulivyoanzishwa na ndugu wawili walionyonyeshwa na mnyama wa porini, na mmoja akamuua mwenzake kwa ajili ya ukuta. Akatuambia kuna nchi ya mbali ambako mfalme ni mjukuu wa jua, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Alisema hakuna taifa kubwa lisilo na hadithi ya mwanzo wake, na watu hupigana, hutawala na kugawana ardhi kwa kufuata hadithi hiyo. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia ya kwetu ni bora kuliko ya Warumi, maana kwetu mgeni hakuuawa, alipewa shamba. Darasa zima likanicheka, lakini padri hakucheka, na nilitembea na sifa hiyo mwaka mzima.

Ndiyo maana Ochieng' aliponiposa, mtoto wa ukoo wa Mbori, nilifikiri naingia ndani ya hadithi yenyewe. Ng'ombe wa mahari uliwapokea meno yote nje.

Kisha uhuru ukaja, na baadaye wapimaji wakaja na minyororo na vigingi vyao, kila mtu aandikishwe ardhi yake. Afisa akataka kujua nani alifika kwanza. Na nani mwingine angeulizwa, kama si wewe, Odera, mzee wa kamati, fundi wa maneno? Tulikaa kwenye uwanja wa kambi ya chifu, sisi wanawake nyuma, tumekatazwa kufungua mdomo. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Nilimwambia mama mkwe, Baba anaijua hadithi hii kuliko mtu yeyote, usiwe na wasiwasi.

Ukasimama. Ukaanza vilevile, chemchemi, ndama, chatu. Halafu ukasema Ogola alimuua. Ogola! Ukanyoosha mikono yote miwili hewani kuonyesha alivyomkaba. Na Mbori? Kijana mwenye njaa aliyeokotwa njiani akapewa uji na kazi ya kuchunga. Jadak, ulisema. Mtu wa kukaribishwa, analima kwa hisani ya mwenyeji, na mwenyeji akimwambia fungasha, anafungasha. Kutia chumvi ningekusamehe, kila msimuliaji hutia chumvi. Wewe ulimwaga chakula chote ukapika kingine. Na uliniona, Baba. Tuliangaliana, nawe ukaendelea.

Jioni ile ulinifuata njiani. "Usilie, nyara. Ndugu zako hawana pa kulima. Wewe ni wa kwetu, mambo yakiwa mabaya utarudi nyumbani." Kana kwamba mume na watoto ni vyungu, navunja hivi nanunua vingine.

Tulipoambiwa tufungashe, tuliezua nyumba wenyewe ili tubaki na mabati. Tulikuja hapa Masara, ambako Ochieng' anachimba mawe ya dhahabu ndani ya shimo la mtu mwingine, na kibanda chetu kiko kwenye shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo sasa sisi ni jodak, watu wa kukaribishwa kweli, ulichosema kimetimia. Lakini kuna kitu hatukuweza kubeba. Atieno wangu alibaki. Binti yangu wa kwanza, niliyempa jina la mama yako mzazi, ukafurahi ukamchinjia jogoo. Ouma amepanda mtama juu ya kaburi lake. Nilimwomba aache hata kipande kidogo tu, akaniambia makaburi ya jodak hayahesabiwi. Mtama umestawi, nasikia.

Nilikuja kwenye mazishi yako. Walisubiri nilie kama binti mkubwa anavyopaswa kulia, wakasubiri sana. Nilikula nyama ya msiba, nikanawa, nikaondoka.

Sasa hili la mwisho, ndilo hasa lililonishikisha kalamu.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Alizaliwa mzima, kisha akaanza kulia na kukataa ziwa. Unajua mwenyewe tunavyofanya: mama mkwe na wanawake wa hapa wakakaa wakimtajia majina ya wafu, mmoja mmoja, wasikie ni nani anayetaka kurudi, maana mtoto hunyamaza akitajwa huyo. Wakataja wa upande wa Mbori wote, na Mbori mwenyewe. Kilio. Mdomo ulianza kumkauka. Ndipo jirani mmoja asiyejua lolote akauliza, kwani babake huyu mama aliitwa nani?

Odera.

Mtoto akanyamaza papo hapo, akageuza kichwa. Huna haya, Baba.

Mama mkwe alitema mate chini. "Jina hilo nyumbani mwangu? Ng'o!" Ochieng' alichukua sururu yake akaenda shimoni. Nami nikasema sikupi. Nikamwita Mbori kwa nguvu, akalia. Nikamwita tena, akalia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu. Niliangalia mdomo ule nikafurahi, Mungu ananijua, kwa sababu niliona ni wewe uliyekuwa unaomba na mimi ndiye niliyekuwa nanyima. Kisha nikafikiri vizuri.

Nikakupa.

Haya, karibu Masara. Umetaka kurudi, umerudi, ila umerudi kwa watu wa Mbori, jadak mtoto wa jadak. Mwenye shamba akiamka vibaya nitakufunga mgongoni tuondoke. Sasa hivi umeshika ziwa langu kwa mikono yote miwili unanyonya kwa pupa, na mimi naandika kwa mkono uliobaki.

Nakuahidi kitu kimoja. Nitakulea vizuri, hutakosa uji. Na nitakusimulia ile hadithi ya mlimani, ile yenyewe, mchana kweupe, mkono wangu mmoja ndani ya nguo, mpaka uijue kama jina lako. Halafu siku moja wapimaji watafika na huku, na mzee wa hapa mwenye maneno matamu atasimama kueleza nani alifika kwanza. Siku hiyo nataka uwe mkubwa wa kutosha kuelewa kila neno, na uwe umekaa nyuma kule, umekatazwa kufungua mdomo.

Kwaheri, Baba. Nyonya.

Akinyi, mama Odera