Kila Nesi Amsemee Mgonjwa Wake

Eldoret,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na mahindi, yamekauka au mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima, ingawa maneno ya Maximilla huenda yamekutia wasiwasi. Dada yangu huyo hutia chumvi, kwa hivyo nisikilize mimi mwenyewe.

Nilipofanywa nesi mkuu wa wodi ya wazazi ulinitangaza kanisani. Desturi niliyoikuta ni hii: daktari akipita asubuhi, nesi mkuu peke yake ndiye husema. Wengine husimama nyuma na mafaili kama wasimamizi wa harusi. Nikaikataa. Nilisema kila nesi atamweleza daktari hali ya wagonjwa wake, na wataongoza zamu kwa kupokezana. Leonida, msichana mpole wa Kesses, mara ya kwanza alisahau hata jina la mgonjwa. Madaktari wakacheka. Kesho yake nikamsimamisha tena.

Mwezi uliopita nikiwa mkutanoni, mama mmoja alijifungua akaanza kuvuja damu vibaya. Leonida hakumngoja mtu. Aligawa kazi, akampigia daktari na kumwambia aje sasa hivi, si baada ya chai. Yule mama yuko kwake ananyonyesha.

Ungedhani tulishukuriwa! Matroni, mkubwa wa manesi wote hospitalini, aliniita akasema nimewafundisha wasichana kiburi, eti daktari haamrishwi na mtoto wa juzi. Nirudishe desturi ya zamani au nirudishe cheo. Mama, nilikasirika hadi masikio yakawaka. Kwani anayenyamaza mgonjwa akafa ndiye mwenye adabu?

Sasa nikuambie lile ambalo hata Maximilla halijui. Cheo nimekirudisha. Siku hizi mimi ni nesi kama wengine, na silii.

Najua utataka kumfunga kuku miguu umletee matroni, uniombee msamaha. Tafadhali, kuku huyo mle na Baba. Sina kosa la kuombewa. Matroni amewaita wenzangu mmoja mmoja awape kiti changu kwa masharti yake, na wote wamekataa, Leonida wa kwanza. Kiti kiko wazi hadi leo, na kila asubuhi kila nesi anamsemea mgonjwa wake.

Nisalimie Baba na Isaiah, na majirani wote wanaoniulizia.

Bintiyo asiyejuta,
Rosebella