Fahali wa Kaka

Shoga, kaa chini kwanza. Majibu ya maabara yametoka. Ng'ombe wangu wanatupa mimba kwa ugonjwa wanaoambukizwa na fahali!

Fahali gani? Wa kaka yangu! Yule aliyeniletea mwenyewe, bure, eti ndugu ni kusaidiana!

Daktari wa mifugo kanikodolea macho. "Si nilimwambia kaka yako mwaka jana amchinje?"

MWAKA JANA, shoga!

Na kila mimba ikitoka, ndiye anayekuja kunisaidia kuzika. "Pole dada, ni majani mabaya." Majani!

Ng'ombe wake mwenyewe anawapandisha kwa mrija wa mbegu za kununua, si kwa fahali huyo. Mimi nikadhani ni maringo tu.

Sasa hivi, nikikuandikia, ujumbe wake umeingia: "Dada, yule mweusi keshapata joto? Nikuletee fahali?"