Nilimwandikia Hayat Fremu Isiyo Saizi Yake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo nikilisema nitaharibikiwa, na nikilinyamazia kuna msichana anaweza kuvunjika shingo.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, naitwa Murunga, nina miaka hamsini na miwili, na kwa miaka sita nimetengeneza baiskeli za kilabu kimoja kidogo cha vijana wanaoshindana milimani. Binti yangu Mourine yuko kwenye kilabu hicho, na rafiki yake Hayat, wa Makina kule Kibera, yuko pia, na wote wawili ni wazuri lakini Hayat ni mzuri zaidi, hilo nalijua na Mourine analijua, Hayat akishika mlima mwenzake anabaki kumwona mgongo tu.

Mwezi wa tatu rafiki wa kilabu aliye ng'ambo akaahidi kututumia fremu moja, ile nyepesi ya kaboni inayokuja na shoki ya nyuma, ambayo ukiifunga na shoki ya mbele magurudumu yote mawili yanameza mawe na mizizi badala ya mgongo wako kuyameza, na hapa kwetu fremu kama hiyo tunaionaga kwa simu tu. Kochi Nalianya akasema itakuwa ya Hayat, kwa sababu ndiye atakayetuwakilisha kwa mashindano ya Jumamosi hii, na mimi nichague aina na saizi nitume. Aina nilichagua kwa haki, zilikuwa mbili, moja nzito yenye shoki ndefu za kurukia, na nyingine ya kilo mbili na kidogo, nikachukua nyepesi kwa sababu Hayat ana kilo arobaini na tisa na njia yenyewe ni kupanda sana. Kwa saizi ndipo nilipopotoka.

Mtu wa kupimiwa fremu anasimama ukutani bila viatu, anabana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, unapima kutoka kitabuni hadi sakafuni, halafu unapima urefu wake wote. Sikuona vizuri mimi mwanaume kumpima msichana wa watu, kwa hivyo Mourine akaingia naye nyuma ya pazia pale nyumbani, akampima na kunisomea, mguu sentimita sabini na mbili, urefu mia moja hamsini na nane. Hiyo ni saizi ndogo, hakuna mjadala. Mimi nikaandika mguu sabini na nane, urefu mia moja sitini na tisa, nikaomba saizi ya kati, ambayo ndiyo ya Mourine.

Nilifikiri fremu ikija Hayat ataipanda mara moja, ataona haimfai, na kochi atasema basi apewe Mourine, na hakuna atakayeumia. Lakini Hayat alipoiona alilia, akasema, "Fundi, hii nitaizoea tu." Nikashusha kiti mpaka mwisho, nikakisogeza mbele, nikaufupisha usukani, lakini fremu ndefu ni ndefu, mikono yake inanyooka kama mtu anayefikia sufuria juu ya kabati, kwa mteremko anashindwa kurudisha mwili nyuma, na akisimama ghafla bomba la juu linamgonga kabla mguu haujafika chini.

Jumapili iliyopita mazoezini kule Ngong alianguka, bega likachubuka lote na kofia ikapasuka. Kochi akamwambia mbele ya watu, "Hayat, siku hizi unaogopa mteremko. Ijumaa nakuangalia mara ya mwisho. Ukikamata breki tena vile, Jumamosi anaenda Mourine." Baadaye Hayat akaniletea baiskeli kibandani niangalie breki, mkono mmoja ameukunja kifuani, akaniambia, "Fundi, usijisumbue sana. Baiskeli iko sawa. Shida ni mimi." Mshauri, nilijifanya natafuta nati chini ya meza ili asinione uso.

Jioni hiyo Mourine akaniuliza, "Baba, mimi nilikusomea sabini na mbili. Mbona imekuja ya kati?" Nikamwambia walikosea huko ng'ambo. Akasema, "Walikosea aje na wewe ndiye uliwaandikia?" Nikamfokea aache maswali, na tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana tu. Nikisema, kochi atanifukuza, na atadhani Mourine alijua, naye atapoteza kila kitu bila kosa lake, na nikinyamaza, Ijumaa Hayat anashuka ule mlima tena. Nifanye nini?

Fundi Murunga, Kawangware

BI KAVINDU ANAJIBU

Fundi Murunga, barua yako niliisoma Jumatano saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano nilikuwa nimeshakupigia simu. Ukurasa huu ungetoka Hayat ameshashuka mlima. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji tuliyozungumza na yaliyofuata, basi nitayaeleza yote, pamoja na yasiyokupendeza.

Nilikuuliza swali moja tu: baiskeli iko wapi? Ukasema iko kwako, inangoja breki. Nikakwambia uitoe gurudumu la mbele ulifungie kabatini. Ukaanza kunisimulia habari za kochi na jina lako, nikakukatiza, na kwa hilo sikuombi msamaha. Ulikuwa unafikiria utakachopoteza wewe, ilhali mtoto wa mwenzako yuko kwao anaamini ameingiwa na woga.

Nikakutuma Makina siku hiyo hiyo. Nikakwambia kochi awepo, usianze na "kama niliwakosea", uanze na nambari: alipimwa hivi, mimi nikaandika hivi, na niliandika hivyo makusudi.

Ulienda. Hapo nakupa haki yako, wengi wangezima simu. Uliniambia jioni kwamba uliyasema yote ukiwa umesimama mlangoni, mama yake Hayat akainuka akaingia ndani, na kochi akasema, "Funguo za stoo ya kilabu niletee kesho." Hayat akakuuliza, "Kwa hivyo mimi siogopi?"

Ukamwambia hapana. Akakuuliza tena.

Swali hilo usilisahau, fundi. Bega limepona kwa wiki moja. Kujidharau kulikuwa kumeshaanza kuota mizizi, na mbegu yake uliipanda wewe, kwa kalamu.

Ijumaa alishuka na baiskeli yake ya zamani, nzito, yenye shoki ya mbele peke yake, lakini ya saizi yake. Kochi mwenyewe ndiye aliyemwambia apunguze mwendo. Jumamosi alimaliza wa saba. Hakushinda, na sitajifanya alishinda. Alivuka mstari akiwa mzima, na pale kwenye mteremko aliwapita watatu.

Ulihofia Mourine. Kochi alimuuliza kama alijua. Akajibu kwamba alishuku kwa siku tatu, akanyamaza, na hilo ni kosa lake. Ana miaka ishirini na mmoja, na alisema kwa dakika moja neno lililokushinda wewe tangu mwezi wa tatu.

Sidhani wewe ni mtu mbaya. Umekaa miaka ukimtazama mwanao akimaliza nyuma ya rafiki yake, kisha siku moja ukaachiwa kalamu na karatasi peke yako. Mzazi gani asingejaribiwa? Lakini uliachiwa kalamu kwa sababu waliamini mkono wako, na hiyo ndiyo inayofanya kosa lako kuwa kubwa kuliko la mtu asiyejua kupima.

Sasa mambo yaliyobaki. Hiyo fremu ifungue yote, uifute, uikague kwa tochi mahali ilipogonga, maana kaboni inaweza kupasuka kwa ndani na nje ikabaki inang'aa. Ukiwa na shaka yoyote, haipandwi na mtu. Kisha mwandikie aliyeituma, mweleze ulichofanya, mpe vipimo vya kweli, muulize kama kuna njia ya kupata saizi ndogo. Andika wewe, usimwachie kochi aibu yako. Ikishindikana, kilabu kiamue nani ataipanda na wewe usiwe kwenye kikao hicho. Funguo usiziombe. Wakitaka kukurudishia watakuja wenyewe, huenda mwakani, huenda wasije. Kibanda chako bado kina wateja.

Kwa mama yake Hayat rudi tena, bila zawadi. Akikufungulia, ingia. Asipokufungulia, rudi wiki nyingine.

Halafu kuna Mourine, ambaye unasema bado anakula akiwa amekupa mgongo. Huyu usimtumie mtu wala ujumbe wa simu. Mwombe msamaha kwa kumdanganya na kwa kumfokea alipouliza jambo la haki, kisha nyamaza umsikilize, hata akikukaripia. Na nakuonya, usimwambie ulifanya kwa ajili yake. Hakukutuma.