Chandarua cha Mama Yako Mkubwa

Behala, Kolkata
11 Oktoba 2019

Mpendwa mwanangu Jhimli,

Hujambo huko kwenye baridi? Kikohozi kimekwisha? Mimi mzima, ila goti linalia kama mlango mbovu.

Mwaka huu banda la sikukuu ya mungu wetu mama Durga hapa mtaani nimelijenga mimi. Haya, uongo. Nilishika ngazi. Haya, niliiegemea tu.

Mwaka jana tulijenga kwa plastiki. Mabaki yakaziba mtaro, mvua ikatufuata mpaka vitandani. Safari hii kamati ikaomba kila nyumba itoe chandarua kikuukuu. Jirani Lotika akatoa viwili huku akinikazia macho. Nami kumkomoa nikatoa vitatu bila kuangalia. Cha tatu kilikuwa cha marehemu mama yako mkubwa.

Fundi Pulokesh alivichovya vyote kwenye maji ya majani ya chai, akavitundika kwenye mianzi, tabaka juu ya tabaka. Mwanangu, ukiingia mchana, mwanga wake ni wa mtu anayeanza kusinzia. Watu walinong'ona bila kuambiwa. Hata mimi, nisiyeelewana sana na miungu, nilivua kandambili mapema.

Ndipo nikaona juu kabisa kiraka cha bluu. Shati lako la shule! Ulikichana chandarua ukiwa na miaka sita, ukijifanya samaki.

"Pulokesh, nishushie kile!"

"Babu, hicho ndicho kimeshika paa. Kikitoka, mama Durga ananyeshewa."

"Si mnaizamisha sanamu yake mtoni Jumanne, sikukuu ikiisha? Aanze kuzoea."

Lotika akaangua kicheko: "Mzee kakosa mke, sasa anamnyang'anya mungu chandarua!"

Nilicheka nao, lakini macho sikuyatoa kwenye kile kiraka. Baada ya sikukuu vyandarua vyote vilikuwa viende kwa wakulima, kufunikia miche. Basi siku nne nikawa najilaza pale mkekani, nakitazama kikipumua. Nilikuwa chini ya chandarua chake tena, mimi na watu elfu kadhaa. Angetutukana, kisha angetuchemshia chai.

Jumanne wote wakaifuata sanamu mtoni kwa ngoma. Mimi nikabaki na Pulokesh, na safari hii ngazi niliishika kweli. Akanishushia. Vile viwili vyangu vingine sasa vinalinda miche ya biringanya.

Nisalimie mumeo Ritobroto na mdogo wako Tupai. Mama Durga awatunze. Akisahau, mama yako mkubwa yuko jirani naye, atamkumbusha kwa sauti.

Ila kiraka kimeachia upande mmoja. Ulimwahidi mama yako mkubwa kwamba vidole vikikua utakishona mwenyewe. Vimekua. Ukija likizo, uzi wa bluu ninao. Wewe njoo na macho.

Mzee wako mtundu anayekupenda,
Baba Mkubwa Bhombol