Kisahani Nilichomwaga

Mjukuu wangu Otieno,

Hapa Kisian tunaendelea. Goti langu bado linasumbua, na magugu yamefunika ziwa tena. Baba yako anakusalimia.

Unauliza katika barua yako: kompyuta ikisema hivi, na damu maabarani ikasema vile, umwamini nani? Usiniulize mimi. Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye maabara moja mjini. Tulikuza vimelea vya malaria kwenye visahani, tukaviwekea dawa. Kompyuta ya Daktari, mkuu wetu pale, ilikuwa imeshakadiria siku vitakapokufa. Kisahani kimoja, chenye damu ya mgonjwa kutoka Sondu, kilikataa. Vimelea vikazidi kuzaana.

"Akinyi, umekosea kupima dawa," Daktari akasema. "Mwaga, urudie."

Nilijua sikukosea, maana nilipima mara mbili. Nikamwaga. Nikarudia kwa damu ya mgonjwa mwingine, ikakubaliana na kompyuta, tukapeana mikono.

Mwaka uliofuata shangazi yako Apiyo aliugua malaria. Akapewa dawa ile ile. Haikumsaidia; kaburi lake unalijua.

Watu hunifariji kwamba kisahani kimoja kisingebadilisha kitu. Labda. Lakini damu ile iliniambia mapema, Otieno, na nilikuwa nimeisikia.

Ni mimi bibi yako,
Akinyi